Kayamba jamani, tuache kuwapa watoto viziwi kayamba

Juzi tena. Nimeitwa shule moja huku kwetu Lamu kuangalia watoto wanavyofanya mazoezi ya nyimbo, na nilienda nimefurahi kwa sababu mwalimu aliniambia kwa simu kuwa darasa lake ni la watoto wote, hakuna anayeachwa. Nafika nakuta watoto kama 30, ngoma zinalia, wanaimba vizuri kabisa, na pembeni karibu na dirisha kakaa mtoto kiziwi kapewa kayamba. Anaitikisa huku anatazama mkono wa mwenzake, mwenzake akisimama na yeye asimama. Nikauliza kwa nini kayamba. Mwalimu akanijibu kwa upole: "Si hasikii huyu, mwalimu? Kayamba hata akikosea haiharibu."

Nikarudi nyumbani kwa miguu hasira zimenipanda. Mwalimu mwenyewe ni mtu mwema, nasema kweli, anawapenda wale watoto. Lakini hii kayamba nimekutana nayo Matondoni, nimekutana nayo Mokowe, nimekutana nayo hapa mjini sijui mara ngapi, yaani mtoto akiwa kiziwi mpe kayamba, akiwa kipofu mpe maikrofoni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu mpe kazi ya kupiga makofi. Basi leo naandika yote.

Tuanze na hiyo kayamba. Kayamba ni matete na mbegu, sauti yake ni ile shhh ya juu, kama mchele unavyopepetwa kwenye ungo. Sasa, uziwi wa aina nyingi unakula sauti za juu kwanza. Ndiyo maana mtu anayeanza kupoteza masikio anakwambia nasikia watu wanaongea ila sielewi maneno, kwa sababu zile s na sh na f zimeshamtoka na zimebaki a na o. Kayamba ni s na sh tupu! Katika vyombo vyote vilivyokuwa mle darasani, na walikuwa na ngoma kubwa nzuri tu ya kusimama, mwalimu amechagua kile ambacho mtoto yule ana nafasi ndogo kabisa ya kukipata. Mkononi utahisi mbegu zikihama, sawa, lakini pigo lenyewe linaanza wapi na linaisha wapi hulishiki. Na halafu hilo la kuwa kayamba haiharibu si kweli hata kidogo, muulize mpigaji yeyote, kayamba ndiyo inabeba mwendo, ikichelewa kidogo tu wote wanaanza kusukumana.

La pili ni hili neno "hasikii". Hasikii nini? Kwenye darasa langu la muziki nina wanafunzi viziwi wanne na hakuna wawili walio sawa. Mmoja anasikia mlango ukibamizwa na hasikii jina lake. Mmoja ana vifaa vya kusikia, na hapa watu wanadhani kifaa kikishavaliwa mambo yamekwisha, lakini vifaa vile vimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, vinapandisha sauti ndogo na kubana sauti kubwa, sasa mpigie zumari mtu aliyevaa kifaa kile uone anavyokunja uso. Wale waliopasuliwa wakawekewa kifaa ndani ya sikio, mapigo wanayapata vizuri, ila sauti kupanda na kushuka ndiyo shida, wimbo wote unakuwa kama umelala chini. Kwa hivyo kabla hujampa mtoto chombo chochote kaa naye nusu saa, piga hiki, piga kile, mtazame uso.

Sasa nije kwa kundi lingine, na hawa ndio wananichosha zaidi kwa sababu wamesikia nusu. Wanasema, aah, viziwi wanasikia kwa mtetemo, basi wekeni spika kubwa. Nimeshaona hayo, spika mbili urefu wa mtu, watoto wamewekwa mbele yake wanatetemeka kama pazia. Nisikilizeni. Ngozi ya mwanadamu inahisi vizuri zaidi mitetemo ya karibu 250 kwa sekunde, ikipita kama 1000 hivi ngozi haipati kitu tena, na sehemu kubwa ya sauti ya kayamba iko juu ya hapo. Vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, liko ndani kabisa ya eneo la ngozi. Lakini ukipitisha kila kitu kwenye spika, vumi na chapuo na kinanda na waimbaji, mwilini vyote vinafika vimechanganyika uji mmoja, mtoto anajua tu kuna kelele, hajui nani kapiga nini. Na kama ana masikio yaliyobaki kidogo unayamalizia kwa mkono wako mwenyewe. Mtetemo unafundishwa kimoja kimoja, mkono juu ya ubavu wa ngoma moja, mpigaji mmoja, taratibu, mpaka mtoto aweze kukuonyesha hili ni pigo la katikati na hili ni la ukingoni.

Kuna yule mpigaji ngoma wa Scotland, Evelyn Glennie, alipofika miaka 12 uziwi wake ulikuwa mkubwa sana, na mwalimu wake alimsimamisha mikono kwenye ukuta wa darasa, halafu akawa anapiga zile ngoma kubwa za shaba akibadilisha sauti, naye anasema hii imenishika hapa, hii imenishika pale. Huyo ndiye aliyeongoza wapiga ngoma 1000 kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012. Anapiga miguu mitupu ili sakafu imfikishie. Simtaji ili niseme kila kiziwi atakuwa yeye, hapana, watoto wangu wengi watakuwa wavuvi na mafundi na mama wa watu. Namtaja kwa ajili ya ule ukuta. Mwalimu wake alitafuta mahali sauti inapofikia, akaanzia hapo.

Kwetu ukuta ule ulinishinda. Nyumba zetu za Mji wa Kale kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na sakafu za juu ni boriti za mikoko na mawe juu yake, nyumba baridi raha tupu lakini hazitetemeki. Nilihangaika miezi kadhaa, watoto miguu mitupu (viatu tunavua mlangoni vyovyote vile) na hawapati kitu. Mwisho fundi mmoja wa mashua akanipigia jukwaa la mbao, chini mihimili myembamba, juu pleiwudi, pana la kutosha watoto sita. Siku ya kwanza tumeliweka vumi juu yake, nikapiga mara moja tu, wale wanne wote wakatazama miguu yao. Wote kwa pamoja.

Kitu kingine ambacho hakuna kitabu kilichonifundisha ni ngozi iliyolegea. Masika iliyopita, Jumamosi, mvua inanyesha, matwari yetu, zile ngoma za mkononi zenye ngozi upande mmoja, yote yamelegea kwa unyevu. Nina mzee mmoja anayenisaidia, namwita Ami, matwari ameyapiga maisha yake yote. Akawasha makaa, akawa anapitisha twari moja moja juu ya moto, anageuza, anagonga kwa kidole kimoja, anasikiliza, anarudisha motoni, mpaka linalia tang! safi kama kengele. Akampa kila mtoto lake. Kuna kijana wangu wa miaka 11, kiziwi tangu mdogo, akalipokea lake, akapiga, akakunja uso, akaliegemeza kifuani chini kidogo ya shingo, akapiga tena. Akaliweka chini. Akaenda akachukua moja ambalo Ami alikuwa hajalipitisha motoni, ngozi bado teketeke, akaliegemeza pale pale kifuani na kuanza kupiga, na pigo lake likakaa.

Ami akanambia, "Mwalimu, lile ngozi yake imekufa, mwambie aniletee nilipashe."

Nikamwambia kijana kwa ishara, mpe Ami. Kijana akatikisa kichwa, akanyosha kidole kwa lile la kwanza, lile linalolia kama kengele, akanifanyia ishara: limekufa.

Nikamweleza Ami. Hakuamini. Nikamwomba azibe masikio kwa vidole na kusogeza kifua, nikampigia lile lililopashwa, halafu lile legevu, ukingo wake nimeugusisha kifuani kwake. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Loo, hili linaingia." Tangu siku hiyo anapasha yote anaacha moja, na hakumbushwi.

Lakini sasa nina tatizo, na sitaki kulificha. Twari legevu likiwa ndani ya kundi linalia chini kuliko wenzake, wenye masikio yao wanageuka kutazama. Nimemsogeza kijana akae karibu na vumi na pigo lake linashikana na vumi, mimi naona linapendeza. Wengine wanasema nimeharibu kundi zima kwa ajili ya mtoto mmoja. Kuna usiku nalala nafikiri labda wana haki.

Kuhusu vipofu nitasema kwa haraka. Mna imani kuwa kipofu kajaliwa sauti, na watu wakisema hivyo wanadhani wanamsifu. Nina msichana haoni, sauti yake ya kawaida tu kama yako na yangu, anachotaka ni kinanda, na kila harusi anasukumiwa maikrofoni aimbe watu walie. Hakuna anayemuuliza. Wala msiseme nota haziwezi kusomwa na asiyeona, Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga ogani, na kitabu chake cha 1829 tayari kilikuwa na nukta za muziki pamoja na za maneno. Ni zile zile nukta sita, ile alama anayoijua kama herufi d kwenye muziki inasomeka do, e inasomeka re, f inasomeka mi, inaenda hivyo. Shida yake ni moja, huwezi kusoma kwa vidole huku vidole hivyo hivyo vinapiga, lazima ukariri kwanza. Na hapo Lamu tuko mbele sana, kasida zetu nani amewahi kuzipiga kwa karatasi? Wote tunakariri. Kwenye kukariri yule msichana na mwenye macho wanaanza mstari mmoja.

Na ngazi! Nusu ya mafunzo ya muziki mji huu yako ghorofani, ngazi nyembamba zina kona, halafu mnaniambia hakuna mwenye kiti cha magurudumu anayependa muziki maana hamjamwona. Atafikaje? Kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuingia vichochoroni ni vidaraja na mifereji na punda wamebeba mawe. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kinampa haki ya kufika mahali. Sisi tulihamisha darasa tukalileta chini barazani, hakuna bajeti iliyotumika.

Jambo la mwisho linanisumbua kuliko yote. Mtu mzima mmoja kiziwi alikuja kutazama darasa, akakaa hadi mwisho, halafu akaniambia kwa ishara: mbona mnatubebesha vitu vyenu? Sisi tuna lugha yetu, mashairi yetu ya mikono, maisha yetu hayana tundu linalohitaji ngoma zenu. Sikuwa na jibu, na hadi leo nikimwona mtoto anacheka kwenye jukwaa najiuliza anacheka kwa sababu ya pigo au kwa sababu mimi natabasamu. Nilichofanya ni kuweka mlango wazi, kweli kweli wazi. Anayetaka kutoka katikati anatoka na haulizwi, na wawili walishatoka wakaenda kucheza mpira. Bibi ya mmoja alinijia, "Mwalimu wangu, umemfukuza mwanangu?" Nikamwambia la, bibi, amechagua mpira, na akirudi nafasi yake ipo.

Yule mwalimu wa kayamba nimempigia jana. Tumeongea karibu saa nzima na hakukasirika. Ameniuliza ile ngoma kubwa ya shule, inapigwa na kijana wa darasa la juu ambaye hataiachia kirahisi, atafanyaje? Nimemwambia asimnyang'anye, amwombe amruhusu mdogo wake aweke mkono ubavuni anapopiga, wiki mbili tu, halafu wabadilishane. Jumamosi saa kumi analeta mtoto kwangu tujaribu jukwaani, na Ami nimeshamwambia aache twari moja bila kupasha.