Chombo cha "mita 12" hakina urefu wa mita 12

Mara ya tatu sasa namsikia mtu akisimulia Kombe la America, mashindano ya vyombo vya matanga, la miaka ya 1958 hadi 1987, akieleza kwamba vyombo vya "mita 12" viliitwa hivyo kwa urefu wake. Sivyo. Vim, kilichosanifiwa na Olin Stephens mwaka 1939, ni cha mita 12, lakini kutoka omo hadi tezi kina takriban mita 21.

Mita 12 ni daraja, jibu la hesabu ya Kanuni ya Kimataifa ya kupima vyombo vya mashindano, iliyopangwa London 1906 na kuanza kutumika 1907.

Linaloponza watu ni neno lenyewe. Mita limetoka kwa Wagiriki, metron, yaani kipimo. Urefu tumelifunga nao baadaye. Katika kanuni ya 1907 unajumlisha urefu wa majini, upana, nusu ya mzingo wa chombo, na theluthi ya kipeuo cha pili cha eneo la matanga. Kipeuo hicho hugeuza mita za mraba kuwa mita, kwa hiyo jibu ni mita kweli. Unaongeza d mara tatu, unatoa kimo cha ubavu juu ya maji, kisha unagawa kwa 2.

Hiyo d ndiyo naipenda. Mpimaji hupitisha kamba ubavuni kuelekea mkuku, kwanza ikigandamana na mbao na kufuata kila mbonyeo, kisha ikiwa imekazwa kama uzi wa mwashi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo d. Ukitengeneza chombo bapa chenye mkuku mwembamba kama pezi, d inakua na kukuadhibu. Waliotunga kanuni waliogopa vyombo kama Reliance, kilichosanifiwa na Nathanael Herreshoff, 1903: urefu wa majini mita 27 hivi, urefu wote karibu 44. Kikilala upande, omo na tezi huzama, urefu wa majini huongezeka, nao mwendo huongezeka. Kilivunjwavunjwa 1913.

Wamarekani, katika kanuni yao nyingine, waliyaita madaraja kwa herufi, kama daraja la J, na hakuna anayeuliza J ina urefu gani.

Basi, ndugu zangu, tuache "chombo chenye mita 12". Hiyo -enye ndiyo inayopotosha. Tuseme "chombo cha daraja la mita 12", na urefu tuutaje peke yake.