Muziki wa podikasti: kabla ya kuuliza bei, uliza karatasi

Watayarishaji wa podikasti wanaofika ofisini kwetu huuliza swali lilelile: ninunue leseni ya muziki, au niiachie akili mnemba initungie? Wengi wao wanawaza bei. Mimi huwauliza kipindi chao kikilalamikiwa miaka mitatu baadaye, kikiwa bado kinasikilizwa, wataonyesha karatasi gani.

Wimbo uliorekodiwa umebeba haki mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na ipo haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio. Mara nyingi wenyewe si mtu mmoja. Msanii anaweza kukujibu kwenye simu, "Tumia tu, ndugu yangu," kumbe rekodi ni mali ya lebo, yaani kampuni ya muziki. Beethoven alifariki 1827, hivyo simfonia zake ni za umma, lakini rekodi ambayo okestra imeitoa juzijuzi ina mwenyewe. Na kama unalipia programu ya kusikiliza muziki kila mwezi, umelipia masikio yako tu.

Kuna pia hii hadithi ya sekunde 30, kwamba ukikata kipande kifupi uko salama. Sijui nani aliianzisha. Mwaka 2005 mahakama ya rufani nchini Marekani iliona kosa katika kipande cha gitaa cha sekunde mbili.

Njia ya leseni iliyo rahisi kwa wengi ni maktaba za muziki, ambako haki zote mbili huuzwa pamoja. Soma mambo matatu: je, podikasti imetajwa au ni video tu? Matangazo ya biashara yanaruhusiwa? Na usajili ukikoma, vipindi vya zamani vinabaki na muziki wake? Muziki wa Creative Commons, yaani ule ambao mtunzi ameruhusu utumike bure kwa leseni ya wazi, nao una masharti. Ukiona herufi NC, matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi, na kipindi chenye mdhamini kinakuweka pabaya.

Leseni haizuii usumbufu. Kijana mmoja alituletea kompyuta yake kipindi kikiwa kimefungiwa mapato kwa sababu ya kinanda cha chinichini. Mtu mwingine alikuwa amenunua leseni ya muziki huohuo wa kinanda, akaimba juu yake, kisha akausajili wimbo wake kwenye mfumo unaotambua muziki. Mashine haikujua tofauti. Lakini kijana alikuwa na leseni yenye jina lake, namba ya wimbo na tarehe. Aliituma, na pingamizi likaondolewa.

Sasa akili mnemba. Hapa karatasi yako ni masharti ya kampuni, na masharti hubadilika. Mpango wa bure mara nyingi hauruhusu biashara, na kulipia baadaye kwa kawaida hakuuhalalishi wimbo uliouzalisha ukiwa hulipi. Juni 2024 kampuni za muziki Universal, Sony na Warner zilizishtaki Suno na Udio, kampuni zinazotunga muziki kwa akili mnemba, kwa madai kwamba zilifundisha mitambo yao kwa rekodi za kampuni hizo za muziki bila ruhusa. Oktoba 2025 Universal na Udio zikapatana, na mara moja Udio ikawazuia watumiaji kupakua nyimbo walizozalisha. Baada ya malalamiko iliwafungulia dirisha la saa 48. Aliyekuwa hajahifadhi faili zake alibaki akihangaika.

Suala zito zaidi ni umiliki. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kuiandikia akili mnemba maelekezo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Kwa msimamo huo, mtu akiuchukua muziki wako wa ufunguzi na kuuweka kwenye podikasti yake, huna hakimiliki ya kumshtakia. Nchi nyingine zina mtazamo tofauti. Sheria ya Uingereza ya 1988 ina kifungu kinacholinda kazi zilizotengenezwa na kompyuta. Podikasti, hata hivyo, husikika kila mahali.

Ndiyo maana ushauri wangu hugawanyika. Muziki wa ufunguzi ni kama sura ya kipindi, msikilizaji anakutambua kabla hujasema neno. Huo mpe mtunzi, umlipe, na muandikiane mkataba unaotaja utunzi na rekodi. Sauti ya sekunde nane ya kuvukia kutoka mada moja hadi nyingine haina haja ya ulinzi huo. Akili mnemba inatosha, mradi uhifadhi faili, risiti, tarehe, na nakala ya masharti kama yalivyosomeka siku hiyo.

Na ukiandika maelekezo, usitaje jina la msanii. Taja kasi, ala na hali unayoitaka. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayolinda sauti ya mtu dhidi ya kuigwa kwa akili mnemba, na mtu anayetafuta ushahidi dhidi yako ataanza na yale maelekezo uliyoandika.