"Mfululizo kamili" wa jarida ni nini?

Mfululizo kamili ni numero zote za jarida zilizowahi kutoka, toka ya kwanza hadi ya mwisho, kila moja na jalada lake, kurasa zake zote na nyongeza zake. Hapa Lubumbashi, mtu akipata rundo la majarida ya fasihi ya zamani linaloanza na numero 1 bila kuruka, anaandika "kamili" na kupandisha bei.

Numero 1 peke yake si ushahidi wa mwanzo. Présence Africaine, jarida la Msenegali Alioune Diop, ilizaliwa mwishoni mwa 1947. Mwaka 1955 ikafungua seri mpya na kuanza kuhesabu upya. Kwa hiyo namba 1 iko mara mbili, na anayeiita ile ya 1955 "ya kwanza" anafuta miaka zaidi ya saba ya kazi ya watu. Ndani ya seri hiyohiyo mpya, numero 8-9-10 ya 1956 ni kitabu kimoja: ndiyo iliyobeba hotuba za Kongamano la kwanza la waandishi na wasanii weusi lililofanyika Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, Septemba mwaka huo. Asiyejua hilo ataitafuta numero 9 mpaka achoke, na haikuwahi kuwepo peke yake.

Jarida la Transition linatega kwa namna nyingine. Rajat Neogi alilianzisha Kampala mwaka 1961, likanyamaza 1968 baada ya yeye kukamatwa, likafufuka Accra 1971 likiendeleza hesabu ileile. Miaka inaruka, numero haziruki. Hapo hakuna kilichopotea.

Ndiyo maana seri, mwezi na mwaka husomwa pamoja na namba, wala si namba tu.

Halafu kuna juzuu zilizojalidiwa, yaani numero kadhaa zilizoshonwa kuwa kitabu kimoja, na hizi ndizo zinazodanganya zaidi. Mafundi wengi walitoa majalada na kurasa za matangazo kabla ya kushona. Kwa kuwa mara nyingi kurasa hizo hazikupewa namba, ukihesabu utaona zote zipo. Fungua hadi kwenye mshono, utafute visiki vya karatasi iliyokatwa. Tazama pia kama kisu kilikula herufi za pembeni. Jalada likikosekana, tarehe na bei vinaweza kuwa vimekwenda nalo. (Ukurasa uliochomoka usiubandike kwa skochi: gundi yake hugeuka kahawia na kuingia ndani ya karatasi.)

Muuzaji akikuambia "kamili", huna haja ya kugombana naye. Mwombe aandike alichonacho: "seri mpya, numero 1-2 hadi 20, inakosekana 14-15, bila majalada." Na kama numero zake zinafuatana tu, aseme "zinafuatana". Nazo zina wanunuzi.