Mfumo ukichelewa, seva si ya kwanza kulaumiwa

Iwe ni duka la jumla pale Kibuye au sacco ya bodaboda Kondele, hapa Kisumu, malalamiko huwa yale yale: rekodi zilipokuwa chache mfumo ulikwenda mbio, sasa keshia akibonyeza "tafuta" mteja anasubiri hadi anachoka.

"Tununue seva kubwa," wenye mfumo husema. Hapo ndipo pesa za wanachama hupotea, na inaniuma. Swali (ombi ambalo programu hutuma kwa hifadhidata) linalopekua jedwali zima litaendelea kulipekua hata kwenye mashine mpya, na rekodi zikiongezeka maradufu, kazi nayo huongezeka maradufu. Dawa ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoelekeza rekodi ilipo. Faharasa ya B-tree, waliyoieleza Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1972, kwa kawaida huifikia rekodi moja kati ya milioni kwa hatua tatu au nne.

"Faharasa tayari tunayo." Huenda ipo na haitumiki. Tazama namba za simu: wengine wamesajiliwa kwa 07, wengine kwa +254, kwa hiyo mtengeneza programu anatafuta kwa LIKE (amri ya kutafuta sehemu tu ya maandishi), alama ya %, yenye maana ya "chochote", ikitangulia tarakimu za mwisho. Faharasa ya kawaida imepangwa kuanzia mwanzo wa namba, kwa hiyo hapo haifai kitu. Ni sawa na kusaka neno kwenye kamusi ukijua silabi yake ya mwisho tu. Andika namba zote kwa mtindo wa 254 tangu usajili, safisha za zamani, kisha tafuta kwa alama ya =. Tarehe nazo ni vivyo hivyo. Badala ya EXTRACT(YEAR FROM tarehe) = 2024, andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01', na faharasa ya tarehe itaanza kufanya kazi.

Wengine wakishaonja utamu huo huweka faharasa kwenye kila safu wima ya jedwali. Wasifanye hivyo: kila malipo yanapoingia, kila faharasa ya jedwali hilo lazima nayo iongezewe ingizo jipya. Na jedwali dogo, kama lile la matawi matano, halihitaji msaada. PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, hulisoma lote makusudi, na iko sahihi.

"Ni mtandao wa Kisumu." Pengine. Lakini hesabu kwanza maswali. Programu ikiomba orodha ya wanachama 200, kisha iulize mkopo wa kila mmoja peke yake, hayo ni maswali 201. Kila moja likichukua milisekunde 50, zimepita sekunde kumi. JOIN moja, yaani swali moja linalounganisha majedwali yote mawili, inatosha.

Kabla ya kubadilisha chochote, tanguliza EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha hatua za swali na muda wake) kwenye swali lenyewe ndani ya PostgreSQL. Linganisha idadi ya rekodi iliyokadiriwa na iliyopatikana; zikiachana sana, endesha ANALYZE kwenye jedwali hilo ili takwimu zake zisasishwe. Angalia tu: EXPLAIN ANALYZE hutekeleza swali kikweli, kwa hiyo UPDATE (amri ya kubadilisha data) ianze na BEGIN na imalizike na ROLLBACK, inayotengua mabadiliko.