Kidole gumba hakikai kwenye kiti

Wiki hii tena. Mama mmoja kaingia karakana, kakiminya kiti kwa kidole gumba, kakunja uso. "Fundi, hiki kigumu. Sponji yake hafifu. Niwekee ile ya densiti kubwa, laini." Nikameza mate. Nimeshaacha kuhesabu ni mara ya ngapi.

Densiti ni uzito: kilo ngapi kwenye mita moja ya ujazo. Ugumu ni habari nyingine kabisa, ni nguvu unayotumia kuibonyeza sponji, na hupimwa kwa nyutoni. Ipo sponji ya kilo 40 inayozama ukiigusa tu, na ipo ya kilo 22 inayokurudisha juu kwa kiburi. Hiyo ya kilo 22 itakuringia dukani, kisha ukiikalia kila siku itabonyea katikati na haitarudi. Densiti inakueleza kiti kitadumu vipi. Ugumu unakueleza utajisikiaje leo. Wateja wanavichanganya, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuwasahihisha.

Sasa kidole gumba kinapima nini? Sentimita mbili za juu, basi. Maabara wanatumia kisahani cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 200 hivi, wanakishusha mpaka sponji ipoteze asilimia 40 ya unene wake, ndipo wanasoma nguvu iliyotumika. Mimi napenda kipimo kingine: shusha mpaka asilimia 25, soma, endelea mpaka 65, soma, gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukipata chini ya 2, sponji hiyo itakupokea vizuri, halafu itakuachia mpaka makalio yasalimiane na mbao. Ikielekea 3, inakupokea kwa upole na kukaza chini. Starehe inaamuliwa huko chini, na kidole hakifiki huko.

 

Hata sponji yenyewe haifanyi kazi peke yake. Mbunifu Mwitaliano Marco Zanuso alipobuni kiti cha Lady kwa ajili ya kampuni ya samani ya Arflex mwaka 1951, alitandika sponji ya mpira juu ya mikanda inayovutika, badala ya springi. Sehemu kubwa ya ulaini wa kiti cha namna hiyo inatoka kwenye mikanda, ambayo hakuna mteja anayepiga magoti kuitazama. Wanaminya juu tu.

Halafu kuna kiti cha Husk, kazi ya mbunifu Patricia Urquiola ya mwaka 2011 kwa kampuni ya samani ya B&B Italia. Nje ganda gumu la plastiki, ndani mto uliogawanywa vipande vipande. Nimeshaambiwa, "Si mto tu huo umetupwa kwenye bakuli?" Jaribu kuutupa basi! Ukifunika kwa kitambaa uso uliobonyea kwa ndani, kitambaa hicho ndicho adui. Ukikivuta, kinaliruka shimo na kuelea juu yake kama ngozi ya ngoma. Ukikilegeza, kinakunjamana. Unapaka gundi, unapitisha mvuke, unasukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, unaondoa mkono, kinanyanyuka tena taratibu mbele ya macho yako. Mto ukigawanywa, kila mshono unakivuta kitambaa chini mahali pake na kuizuia sponji isihame. Wengine wanauita urembo. Mimi nikiutazama naona mtu aliyefikiria mikono ya fundi kabla ya kumaliza mchoro.

Na hapo ndipo kidole kinapodanganya zaidi. Sponji ileile, chini ya ngozi iliyovutwa sana, inaonekana ngumu. Ukisahau kuacha matundu ya hewa chini, ngozi inavimba kama puto na mtu anailaumu sponji. Kiti cha yule mama kilikuwa na ngozi mpya, imekazwa barabara.

Nikiri na mimi. Kisahani cha maabara hakina mifupa ya makalio, wala hakibadilishi mkao kila dakika tano. Niliwahi kutengeneza kiti ambacho namba zake zote zilikuwa safi. Dakika kumi, raha. Saa nzima, miguu ganzi. Kina cha kikalio, yaani toka ukingo wa mbele hadi mgongoni, kilikuwa sentimita 56, ukingo wa mbele ukanibana chini ya mapaja, na mimi nilikuwa nimeshabadilisha sponji mara mbili kabla ya kuchukua futi kamba. Na bado nawapata watu wawili wa kimo kimoja, mmoja hataki kunyanyuka, mwenzake anahangaika kutafuta pa kuegemea. Sina kanuni ya hilo.

Yule mama nikamwomba aketi tu, asiminye. Akaegemea, akatoa simu, akaongea na mtu karibu nusu saa, miguu kainyoosha. Alipomaliza akasimama, akageuka, akakiminya tena kwa kidole gumba.