Mtoto njiti yuko wodini: maswali ya wazazi wa Mwanza na majibu yake

Mtoto anayezaliwa kabla ujauzito haujafikisha wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Hapa Mwanza wengi hulazwa wodi ya watoto wachanga Bugando au Sekou Toure, wengine wakiwa wamepewa rufaa kutoka wilayani na visiwani. Maswali haya ndiyo ambayo wazazi huyauliza, au hutamani kuyauliza wakamwonea haya daktari aliye katikati ya raundi.

Nimejifungua wiki ya 30, mtoto ana kilo 1.3. Mashine ndizo zinazomlea. Mimi kazi yangu ni nini pale?

Kubwa kuliko unavyodhani. Mashine ya joto humpa joto, basi. Kifua chako humpa joto, hutuliza pumzi na mapigo ya moyo wake, na huamsha maziwa yako kwa wakati mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika nchi tano zikiwemo Tanzania na Malawi, ulilinganisha watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8: waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Katika siku 28 za mwanzo, vifo kwa waliobebwa mapema vilikuwa pungufu kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri njiti abebwe kifuani kwa jumla ya saa 8 hadi 24 kila siku, na kazi hiyo ianze mapema iwezekanavyo.

Mtoto avue kila kitu abaki na nepi, kofia na soksi. Mlaze wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa na kutanuka kama chura, kichwa kimegeukia upande mmoja. Shingo isiinamie mbele, maana njia yake ya hewa ni nyembamba na huziba upesi. Mfunge kwa khanga, ukingo wa juu ufike usawa wa sikio, kisha vaa nguo yako juu. Usilale chali kabisa, egemea mito. Kuwa na oksijeni au mrija wa chakula peke yake si kizuizi, ila mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe husubiri. Kila asubuhi muulize nesi: "Leo nambeba kuanzia saa ngapi?"

Mwanza kuna joto. Hizo kofia na soksi za nini?

Njiti ana mafuta kidogo mno chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, kwa hiyo hupoteza joto hata pale wewe unapojipepea. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, nguvu ambayo angeitumia kukua huishia kwenye kupigana na baridi, sukari nayo hushuka, na kupumua huwa kwa shida. Gusa nyayo zake: zikiwa za baridi kuliko tumbo, mweke kifuani na mwite nesi.

Nakamua, yanatoka matone tu. Nimwombee maziwa ya kopo?

Usikimbilie kopo. Matone hayo mazito ya njano ni dang'a, na njiti anayahitaji kuliko mtoto yeyote. Utumbo wake haujakomaa, na maziwa ya mama hupunguza hatari ya kuoza kwa utumbo, ugonjwa unaoua njiti wengi. Tena mtoto wa kilo 1.3 siku za mwanzo hupewa mililita chache tu kwa mlo mmoja. Unachokiona wewe kama hakuna kitu, kwake ni sahani.

Anza kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na uendelee mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku ndiko akina mama wengi wanakoteleza, na siwalaumu, aliyejifungua amechoka. Lakini titi lisilokamuliwa usiku hupunguza kazi. Osha mikono. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini yake, nyuma kidogo ya duara jeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole na uachie. Usivute chuchu. Maziwa yaingie kwenye kikombe kilichochemshwa, na kwa joto letu yapelekwe wodini palepale, yasikae juu ya kabati.

Kwanza atalishwa kwa mrija unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, baadaye kwa kikombe. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, kwa hiyo wako wa wiki 30 hajakataa titi, hajafika tu.

Na kama unaishi na VVU, maziwa yako bado ni yake. Wewe usiache dawa zako, naye apewe za kwake.

Kuna chupa ya maji inatoa mapovu kando ya kitanda, na mara king'ora kinalia. Naogopa.

Mapovu ni dalili njema. Mashine hiyo husukuma hewa kupitia puani ili mapafu yasisinyae, na mapovu huonyesha kwamba msukumo unafika. Yakikoma, angalia kama vijibomba vimetoka puani, kisha mwite nesi, usivirudishe mwenyewe.

King'ora mara nyingi hulia kwa sababu waya umelegea mguuni. Lakini njiti husahau kupumua kweli, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Ukiona kifua kimetulia au midomo imebadilika rangi, sugua nyayo au mgongo wake huku ukiita kwa sauti. Hapo usione aibu kupiga kelele. Wodi nyingi nesi mmoja ana watoto wengi, na macho ya mama ndiyo huona kwanza.

Amezaliwa na kilo 1.3, sasa ana kilo 1.2. Wanamlisha kweli?

Wanamlisha. Siku za mwanzo watoto hupoteza maji, na njiti anaweza kupungua hadi karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Wengi huurudia wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, kisha hulengwa aongezeke gramu 15 hivi kwa kila kilo kwa siku. Asipoanza kupanda baada ya hapo, uliza.

Mama mkwe anasema wa miezi saba hupona, wa nane hafiki. Pia anasema nilinyanyua ndoo.

Shikamoo tunampa, ila hesabu hiyo si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni humkomaza, kwa hiyo wa nane ana nafasi nzuri kuliko wa saba. Na mjamzito kuchota maji siku moja sipo tayari kumbebesha lawama. Sababu zinazojulikana ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo na ya uke, shinikizo la damu la mimba, mapacha, upungufu wa damu na mimba zinazofuatana haraka. Kwa wanawake wengi sababu haionekani kabisa. Mimba ijayo, anza kliniki mapema na useme kwamba uliwahi kuzaa njiti.

Mimi ni baba, navua dagaa Igombe. Nifanye nini?

Mbebe. Kifua cha baba hupasha joto vilevile, na mama akipata saa tatu za kulala maziwa huongezeka. Zile siku za mbalamwezi ambazo taa hazina kazi ziwani, chukua zamu. Oga, vaa nguo safi, nawa hadi viwikoni, na kama unavuta sigara, hilo shati libaki nje. Ukiwa na mafua, subiri.

Tumeruhusiwa, tunarudi Ukerewe. Nijihadhari na nini?

Msafirishe kifuani, si kwenye beseni wala kwenye mablanketi matano. Kwenye kivuko kaa ndani, mbali na upepo. Nyumbani endelea kumbeba hadi mwenyewe aanze kujinyonganyonga kutaka kutoka. Lala naye ndani ya chandarua chenye dawa. Usimwashie jiko la mkaa chumbani ili apate joto: moshi wake usioonekana huua familia nzima usingizini.

Asipewe maji, uji wala dawa ya mchango. Na hapa niseme wazi: atakuja mtu aseme mtoto ana meno ya plastiki, au kimeo chake ni kirefu kikatwe. Mtoto anayedhoofu au kukohoa ana ugonjwa, na kumkata kunamwongezea jeraha na maambukizi.

Mrudishe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona hanyonyi, amelegea, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea akivuta hewa, amekuwa wa moto au wa baridi, anashtukashtuka, au viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Kwa ngozi yetu manjano hujificha; angalia weupe wa macho na ufizi, mchana, karibu na dirisha.

Chanjo zihesabiwe tangu lini?

Tangu siku aliyozaliwa. Za wiki ya sita atapewa wiki ya sita. Kinachorekebishwa ni hesabu ya ukuaji: aliyewahi miezi miwili, akiwa na miezi minane tegemea afanye ya miezi sita, na hesabu hiyo huendelea hadi afikishe miaka miwili. Matone ya madini chuma ayapate kama alivyoandikiwa. Kwa aliyezaliwa mdogo sana au aliyekaa kwenye oksijeni, ulizia tarehe ya kupimwa macho kabla hamjapanda kivuko, maana kipimo hicho hufanyika wiki za mwanzo na kikichelewa uoni unaweza kupotea.

Nimeajiriwa. Likizo yangu itaishia wodini?

Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua njiti. Chukua barua ya hospitali inayoonyesha wiki za ujauzito, mpelekee afisa utumishi mapema, na ubaki na nakala.