Giligilani ikikimbilia maua, usiing'oe

Watu wananiuliza sana kuhusu kisibiti (caraway kwa Kiingereza), wanataka kupanda nyumbani huku Malindi, na mie kazi yangu ni viungo kwa hio nawaambia ukweli: achaneni nacho. Kile cha kawaida ni mmea wa miaka miwili, mwaka wa kwanza unatoa majani na mzizi tu, halafu unataka upigwe na baridi kwanza ndo utoe maua, sasa baridi hio utaitoa wapi hapa? Panda jamaa yake, giligilani.

Hapo tena ndo nasikia malalamiko, eti dania yangu, yaani giligilani hiohio, imetoa maua hata sijala majani. Ni joto hilo. Anayeuza majani kwake ni hasara, ila wewe unayetaka mbegu joto letu linakuharakishia kazi bure.

Ile punje ya mviringo ndani yake mna mbegu mbili. Zisugue taratibu na chupa zigawanyike, usiziponde, loweka usiku mmoja, kisha zipande palepale zitakapokulia manake mzizi wake unashuka chini wima na haupendi kuatikwa. Kina sentimita 1 hivi, baada ya siku 7 mpaka 14 zishachomoza. Mchanga wetu hauweki maji, tia samadi iliyooza, ila ukizidisha utapata majani teletele na mbegu zichelewe. Na maji ya kisima ya chumvi usimwagilie miche, utaona ncha za majani zinaungua.

Mie napanda vuli, Oktoba au Novemba, zije zikomae wakati wa kaskazi kumekauka. Maua yakifunguka dawa za wadudu weka kando kabisa, nyuki wanakufanyia kazi pale.

Kuvuna ndo penye ujuzi. Mbegu mbichi inanuka kunguni, kweli, ponda moja kwa vidole unuse! Ikikomaa ule uvundo unaisha inakuja harufu tamu, na ukiona kama nusu ya mbegu zimegeuka kahawia kata mashina asubuhi umande ungalipo, ukingoja jua kali zinapukutika zote chini. Funga kifungu, ingiza vichwa ndani ya mfuko wa karatasi, ning'iniza juu chini penye kivuli na upepo mpaka zikauke kabisa, halafu pukuchua upepete kwa ungo. Za pilau kaanga kidogo utwange siku hiohio, ule unga wa dukani uliokaa miezi hata sijui watu wanaununulia nini.